Prof, wangewatoa kweli? Kesi ya chombo chenye kilikufa umeme angani

Kijana mmoja wa Ndosho, hapa Goma, ameniandikia hivi: "Prof jambo sana. Jana usiku tumeangalia episode moja ya mambo ya anga ku fulashi ya jirani. Chombo kimoja kimekufa umeme, mu ndani kuko watu 6, chombo ingine kinakuja kuwatoa na wako na dakika 11 tu mbele oksijeni iishe na moteri ilipuke. Kapiteni anaingia na mwendo yote, anajigonga pale, wanafungua mlango, anawavuta na kamba mmoja mmoja, wa mwisho anapita ata bila kofia. Grand frère, kaka yangu mkubwa, anasema ni bongo, uongo mtupu, mwanzo mpaka mwisho, mimi nasema inawezekana. Tumewekeana brosheti mbili za nyama. Utukatie kesi."

Mdogo wangu, naikata hivi. Grand yako anakushinda ku mwendo na ku ile kujigonga. Wewe unamshinda ku yule wa bila kofia, najua utashangaa lakini ngoja tutafika. Na mwenye aliandika ile episode anashindwa na sisi wote watu wa Goma, juu amesahau kitu chenye ata mtoto wa Bulengo anakijua, ni pumzi.

Naanzia mbali kidogo. Nilikuwa na miaka kama 9, tunatoka shambani na mjomba asubuhi sana, jua bado, tukaona mbuzi amelala mu shimo dogo pembeni ya mawe ya volkano, hana kidonda, hana damu, kama amesinzia tu. Mie nikataka kushuka nimtoe. Mjomba akanishika shati kwa nyuma, nguvu mpaka kifungo kikaruka. Hakunipigia kelele. Alichukua ile taa ya mafuta yenye tulikuwa nayo, akaifunga kamba, akaishusha polepole, na ilipofika kama kwenye magoti yangu ikazimika, fyu, bila upepo wowote. Akaipandisha, akaiwasha tena, akaishusha, ikazimika palepale. Akasema "mazuku" na tukaendelea na njia. Mbuzi tukamuacha.

Ile ni gazi karboniki, CO2, inatoka chini ku mipasuko ya ardhi, na kwa kuwa iko nzito kuliko hewa ya kawaida kama mara moja na nusu inajikusanya mu mashimo kama maji yenye huoni. Asubuhi ni mbaya zaidi kwani upepo haujaanza kuichanganya. Sasa shika hiyo picha ya taa mu kichwa juu nitairudia, na ukumbuke kitu kimoja: gazi yenyewe na wewe unaitengeneza. Mtu mmoja anatoa karibu kilo moja ya CO2 kwa siku. Nje haina shida, hewa ni nyingi. Lakini mu chombo chenye kimefungwa na umeme umekufa, kila mtu anachimba shimo lake la mazuku na mapua yake.

Tufanye hesabu, usiogope, ni ya darasa la tatu. Tuseme kila mmoja wa wale 6 iko na hewa ya chumba kidogo cha mita 2 na nusu kwa 2 kwa 2, yaani mita kyubiki 10. Kilo moja ya CO2 inachukua nafasi ya kama nusu mita kyubiki na kitu juu. Kwa hiyo nyuma ya siku moja uko na asilimia 5 ya CO2 mu hewa yako, wakati hapa nje ni asilimia 0.04 tu. Asilimia 5 kichwa kinapasuka, unahema kama umepanda mlima Nyiragongo na gunia ya makaa mgongoni. Siku ya pili inakaribia asilimia 10, hapo mtu anaanguka. Na oksijeni? Siku ya kwanza imeshuka toka 21 mpaka kama 15, unachoka lakini bado unaishi. Yaani watu wanaogopa oksijeni kuisha, kumbe takataka ya pumzi yao njo inawamaliza kwanza. Ule mtu wa episode anasema "tumebakisha oksijeni ya dakika 11" na anaongea vizuri, akili timamu, anafanya ata mizaha. Hapana. Kama kweli angekuwa mwishoni, angekuwa anaongea kama mlevi, anasahau jina la kifungo, anabonyeza kifungo cha pembeni. Hiyo ingekuwa scene ya kuogopesha kuliko moto wote wenye walituonyesha, na hawakuitia.

Mambo hii si ya kubuni. Apollo 13, chombo cha Wamarekani cha kwenda ku Mwezi, tarehe 13 Aprili 1970, tanki ya oksijeni inapasuka, wako zaidi ya kilomita 300,000 na Dunia, watu 3: Lovell, Swigert na Haise. Hakukuwa na chombo cha kuwaokoa, hakuna mtu alikuwa na roketi imesimama tayari. Wakahamia mu kile kichombo cha kushukia ku Mwezi, chenye kilitengenezewa watu 2 kwa siku kama 2, wakakaa watatu karibu siku 4. Oksijeni walikuwa nayo ya kutosha. CO2 njo ilikuwa inapanda. Inasafishwa na vikopo vya kemikali inaitwa litiamu haidroksidi, na vikopo vingi vya ziada vilikuwa mu chombo kikubwa, lakini vile vilikuwa vya mraba na tundu za kichombo cha Mwezi zilikuwa za mviringo! Watu wa Houston, wenye walikuwa wanaongoza safari toka chini, wakakaa na vitu vilevile vyenye vilikuwa uko juu, sashe za plastiki, kartoni za vifuniko vya vitabu, mipira ya hewa ya nguo za anga, soksi, skochi ya kugandisha, wakatengeneza kitu cha ajabu ajabu, wakawasomea kwa redio namna ya kukifunga hatua kwa hatua. CO2 ikashuka. Tarehe 17 wakaanguka mu bahari ya Pasifiki wazima. Mie nikiwafundisha hii naleta skochi darasani, juu wanafunzi wa Goma wanaelewa haraka, sisi tunafunga kila kitu na skochi na bado inatembea.

Sasa kesi yenye inafanana kabisa na episode yako, chombo kimekufa umeme na watu wanaenda kukifuata, hiyo ilifanyika 1985. Kituo cha Warusi kinaitwa Salyut 7 kilinyamaza mwezi wa pili, hakuna redio, hakuna umeme, kinaelea na kuzunguka bila mtu. Mwezi wa sita wakatuma wawili, Vladimir Dzhanibekov na Viktor Savinykh, mu chombo chao Soyuz T-13. Kituo hakiwezi kuwajibu wala kuwaonyesha kiko wapi, kwa hiyo Dzhanibekov alikiendea na macho na mikono, wanapima umbali na kifaa cha leza kupitia dirisha. Wakakishika. Na unajua walifanya nini mbele ya kuingia? Walipima hewa kwanza. Wakavaa maski za gazi. Ni ile taa ya mjomba tu, sema ya Kirusi. Mu ndani baridi ya kuua, maji yameganda, wakafanya kazi na kofia za manyoya, wakafunga batri moja kwa moja ku paneli za jua mpaka umeme ukarudi kidogo kidogo.

Lakini kuko jambo mu ile safari lenye mie nalipenda kuliko yote. Hapa chini pumzi yako ni ya moto, inapanda, inaondoka ku uso, hewa mpya inaingia. Uko juu hakuna kupanda wala kushuka, pumzi unaitoa na inabaki palepale mbele ya mdomo kama wingu. Ku kituo kizima feni zinazunguka usiku na mchana kwa ajili hiyo. Ku Salyut 7 feni zilikuwa zimekufa. Kwa hiyo walikuwa wanajifanyia mazuku ku kichwa wakifanya kazi, na ikabidi mmoja afanye na mwenzake amchunge asije akalegea. Ukiniuliza, hiyo ni filamu. Mtu anafunga waya, mwingine kazi yake ni kumtazama uso.

Ku mwendo sasa. Kapiteni wako ameona chombo kiko mbele, akakanyaga mafuta, akakifikia. Grand frère iko na haki, haitembei hivyo. 1965 mwezi wa sita James McDivitt alijaribu hiyo mu chombo cha Wamarekani Gemini 4, alitaka kukaribia kipande cha roketi yake mwenyewe, anaelekeza pua, anasukuma, kile kinaenda mbali. Anasukuma tena, kinaenda mbali tena. Akala mafuta mingi bure na wakamuambia aache. Chukua rompwe ya Chukudu, ule mzunguko wa barabara wenye sanamu katikati, uielewe: pikipiki mbili zinazunguka, moja karibu na ile sanamu, moja pembeni kabisa karibu na maduka. Ya karibu inamaliza mzunguko haraka, njia yake ni fupi. Angani ni vivyo hivyo na zaidi, kwani yule wa chini anakimbia pia kuliko wa juu. Ukisukuma mbele unapanda, unaingia njia ya pembeni, ndefu, unachelewa. Kumfikia mwenye iko mbele yako unapiga breki! Unashuka, unamzungukia kwa njia fupi, alafu unapanda taratibu kukutana naye. Ata leo Soyuz yenye inaenda haraka sana inachukua kama saa 3 kufika ku kituo, na hiyo ni wakati wamepanga dakika ya kuruka mapema ili kituo kikuwe kinapita mahali panastahili. Kama njia zenu mbili zimeinama tofauti ni shida ingine kabisa, ata moteri kubwa haitoshi.

Ile ya kujigonga... mdogo wangu. Bila uzito si bila kilo. Chukudu, ile ya mbao ya magurudumu mawili ya kubeba mizigo, ikiwa imebeba magunia ya makaa na inashuka mteremko, ata polepole, unaweza kuisimamisha na mkono? Magurudumu yanaibeba, wewe huisikii uzito, lakini jaribu kujiweka mbele yake. 1997, tarehe 25 Juni, chombo cha mizigo cha kama tani 7 kiligonga Mir, kituo cha Warusi cha angani, kilikuwa kinaenda mbio ya mtu mwenye anakimbia mazoezi tu. Kikatoboa chumba kimoja, hewa ikaanza kutoka, masikio yanaziba, na mlango haukufungika juu waya zilikuwa zimepita katikati yake. Wakaanza kuzing'oa moja moja na zingine wakazikata na kisu mpaka wakaweza kuweka kifuniko. Watatu walipona. Kwa hiyo vyombo vinaunganishwa na mwendo wa sentimita chache kwa sekunde, unaweza kunywa chai unaangalia. Televizyo haiwezi kuonyesha hiyo, naelewa.

Sauti ya mlipuko nje sitaongea, hakuna hewa hakuna sauti, basi.

Sasa wa bila kofia, brosheti yako. 1966 mwezi wa 12, Houston, fundi mmoja Jim LeBlanc alikuwa anajaribu nguo ya anga mu chumba chenye wametoa hewa yote, mpira wake wa hewa ukachomoka. Alibaki na akili kama sekunde 14. Kitu cha mwisho alikumbuka ni mate yakichemka ku ulimi wake, juu bila shinikizo la hewa maji yanachemka ata na joto la mwili. Hakulipuka kama wanavyoonyesha. Wakarudisha hewa haraka, akaamka, masikio yanauma, akaishi. Kwa hiyo mtu akitembea mita chache kwa sekunde 10, na mwenye kumpokea yuko tayari kufunga mlango na kutia hewa, iko na nafasi. Sharti moja tu, episode yenu walilikosea: yule wenu wa bila kofia alivuta pumzi kubwa akaziba mdomo. Akifanya hivyo mapafu yanapasuka. Unatoa hewa yote, unabaki mdomo wazi, kinyume cha kuzama mu Kivu. Na ukipita zile sekunde bila mtu wa kukupokea, ni 1971: wanaanga 3 wa Soyuz 11 wanarudi nyumbani, valvu inafunguka mbele ya wakati, hawakuvaa nguo za anga juu chombo hakikuwa na nafasi ya nguo tatu. Kilitua vizuri kabisa na wao wamekufa mu viti. Tangu hapo kila mtu wa Soyuz anavaa.

Ile kamba nayo, Wamarekani walifikiria kitu kizuri zaidi, mpira wa kitambaa wa sentimita 86 upana, mtu asiye na nguo ya anga anajikunja mu ndani kama fungu la nguo, iko na oksijeni ya saa moja, mwenzake mwenye nguo ya anga anambeba. Haukutumika ata siku moja angani. Mie siwezi kuingia mu kitu kile, naogopa ata taksi ya watu saba.

Tena mlango. Episode inaunganisha tu, klak, wanaingia. 1975 Wamarekani na Warusi waliunganisha Apollo na Soyuz kwa mara ya kwanza, na moja ya sababu ilikuwa hiyo ya kuokoana. Milango ya zamani ilikuwa ya kiume na ya kike, kama fishi na priza, kiume mbili zikikutana hakuna kitu. Wakatengeneza yenye pande zote ni sawa. Lakini hewa pia hazikufanana: Apollo ilikuwa na oksijeni tupu kwa shinikizo la theluthi ya hapa chini, Soyuz ilikuwa na hewa ya kawaida kama ya sokoni. Ukitoka moja kwa moja ku nzito kuingia ku nyepesi, damu inafanya povu kama bia ya Primus ya moto ikifunguliwa. Wakaweka chumba katikati cha kungojea mwili uzoee. Wale 6 wako wangeuliza kwanza "hewa yenu ni ya ngapi?" mbele ya kulia na kukumbatiana.

Na sasa ya kuumiza, ile yenye naona mwenye aliandika episode angesoma mbele ya kukamata kalamu. Columbia, chombo cha Wamarekani, iliruka tarehe 16 Januari 2003, wakati wa kuruka kipande cha povu gumu la kufunika tanki kikatoboa bawa la kushoto. Tarehe 1 Februari ikirudi ikavunjika hewani, watu 7. Nyuma yake tume ya uchunguzi ikauliza swali lako lilelile: wangeokolewa? Kukimbilia ku kituo cha kimataifa hapana, njia zao zilikuwa zimeinama tofauti, digri 39 na digri 51.6. Lakini Atlantis, chombo ndugu yake, ilikuwa inatayarishwa chini. Kama wangejua mapema na kufanya kazi usiku na mchana bila kosa lolote, ingeweza kuruka tarehe 10 Februari. Na wale mu Columbia, wakilala sana na kupunguza kazi, wangefika mpaka tarehe 15. Kitu gani kiliweka hiyo tarehe 15? Chakula hapana, maji hapana, oksijeni hapana. Vilikuwa vikopo vya litiamu haidroksidi. CO2. Siku 5 za nafasi kati ya roketi na mazuku. Mie nilisoma hiyo nikafunga kitabu kidogo. 2009 walipotuma watu kurekebisha darubini ya Hubble, mahali pasipo na kituo cha kukimbilia, waliweka chombo ingine, Endeavour, imesimama tayari ku uwanja wa pili. Walikuwa wameelewa.

Siku hizi uokozi wa kweli unafanana na kungoja boti ya Bukavu yenye imechelewa. Desemba 2022 Soyuz moja ilivuja maji yake ya kupoza ikiwa imefungwa ku kituo, Februari 2023 wakatuma ingine tupu, hakuna mtu ndani, na wale watatu wakarudi nayo Septemba, mmoja wao, Frank Rubio, akiwa amekaa siku 371 wakati alitoka nyumbani kwa miezi 6. Wanaanga wengine wawili, Butch Wilmore na Suni Williams, walienda Juni 2024 kwa kama siku 8, chombo chao kikaleta mashaka, kikarudishwa tupu, wao wakarudi Machi 2025 mu chombo chenye kilipanda na viti viwili vitupu kwa ajili yao. Hakuna mtu alipiga kelele, hakuna saa inayohesabu nyuma. Waliwekewa kiti tu.

Kwa hiyo brosheti. Moja ni ya grand frère, ya mwendo na ya kujigonga. Moja ni yako, ya sekunde 10 bila kofia, lakini umwambie ya mdomo wazi la sivyo atakukatalia. Hakimu naye anakula, mtaongeza ya tatu, ya mbuzi, na isiwe yule wa kwenye shimo.